Mtutu wa .30-06 umechoka: naweza kuubadilisha mwenyewe hapa kambini?

Mfuatanyayo (Kiruhura)
Wakuu, salamu. Niko upande wa Ziwa Mburo, nafuata nyayo kwa kampuni ya uwindaji yenye leseni. Bunduki ninayoitunza inapiga risasi za saizi ya .30-06, ni ya bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu), risiva, yaani mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti, ni Mauser 98 ya zamani, kitako cha mti wa mjozi. Miaka yote, kwa mita 100, matundu matatu ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Tangu Machi hayaenei hata kwenye kisahani cha chai.
Mwezi uliopita mgeni alimjeruhi swala pala. Tulimfuata kwenye miiba saa nne nzima, tukamkuta bado anapumua. Sitaki kuliona tena jambo hilo.
Binamu yangu aliyeko Marekani anasema mtutu umeisha, na kwamba kule watu hubadilisha mtutu kwenye meza ya jikoni, saa moja kazi imekwisha. Sisi huku tunaambiwa tuipeleke Nairobi au Afrika Kusini. Kwa nini tusifanye wenyewe?

Kereza_Katwe (Kampala)
Inawezekana kabisa. Mashine ya kukereza ninayo, hesi nakata kila siku: shafti za pampu, ekseli, vinu vya mahindi. Mtutu una hesi upande mmoja na tundu katikati. Nipe vipimo tu.

Afande_Mstaafu (Masindi)
Kijana wa Katwe, tulia kwanza. Nimekuwa fundi silaha zaidi ya miaka ishirini. Kukata hesi ni sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni hedispesi, ule mwanya kati ya uso wa bolti na bega la chemba (chumba cha nyuma ya mtutu kinachopokea risasi) ambapo ganda linasimama. Tunaupima kwa geji, vipande vya chuma vyenye umbo la ganda. Kwa .30-06, geji ndogo ambayo bolti lazima iifungie ni inchi 1.940. Geji ya mwisho kabisa, ambayo bolti ikiifungia bunduki inatolewa kazini, ni 1.950. Tofauti ni robo ya milimita. Ndani ya robo hiyo ndimo usalama wa jicho lako ulimo.
Mwanya ukizidi, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ikigongwa ganda linanyooka kurudi nyuma mpaka linakatika karibu na kitako chake. Presha humo ndani inakaribia paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gesi hiyo inatafuta njia, na iliyo karibu ni usoni pako. Mwanya ukipungua nao, bolti haifungi, au unailazimisha kwa kiganja na kuharibu vitu.
Nimemwona mtu aliyepata ajali hiyo. Bunduki ilitoka kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja, mtutu mpya, imepakwa rangi vizuri. Risasi ya nne. Jicho la kulia halikurudi.

Musoga_Texas
Mfuatanyayo, binamu yako hakudanganyi, ila hakumaliza maneno. Nimefanya kazi hiyo mara mbili kwenye gereji yangu. Bunduki yangu ni Savage 110, aina iliyotoka mwaka 1958, na mtutu wake unashikwa na nati. Unalegeza nati kwa spana yake maalumu, unautoa mtutu wa zamani, unaweka geji ndogo kwenye chemba, unafunga bolti, unauzungusha mtutu mpya taratibu mpaka uiguse geji, ndipo unakaza nati. Kisha geji ya pili: bolti isikubali kuifungia. Nati hiyo ndiyo inayompa mtu wa kawaida uwezo wa kupanga hedispesi bila mashine ya kukereza.
Na sheria ya huku inasema bunduki ni risiva. Mtutu ni spea, unaagizwa na kuletwa nyumbani kama betri ya gari. Remington 700 nayo ni hivyo hivyo, na Mauser pia.

Risasi_Moja (Arusha)
Musoga, hapo kwenye Remington umeteleza. Remington 700, tangu ilipotoka 1962, inatoka kiwandani na mtutu wenye bega, hauna nati. Hiyo ya nati ni mitutu inayouzwa na watu wengine baadaye. Mauser 98 ndiyo kabisa: mtutu wake unasimama kwenye pete iliyo ndani ya risiva. Mitutu ya Mauser inayouzwa tayari mara nyingi chemba yake imeachwa fupi makusudi. Unaifunga, halafu unamalizia chemba kwa rima ya mkono (kisu cha kupanulia tundu), unakwangua kidogo, unapima, unakwangua tena. Ukipitiliza umeharibu.

Musoga_Texas
Kweli mkuu, nimekubali. Nilichanganya.

Wakili_Nakasero (Kampala)
Naona mnazungumza chuma tu. Uganda tuna Sheria ya Silaha za Moto ya 1970. Silaha ina cheti, na cheti kina mwenyewe. Lakini liko jambo jingine ambalo Mfuatanyayo asilisahau. Juni 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa, Rais aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama. Bunduki za raia zenye leseni zikapigwa, risasi na maganda yake yakahifadhiwa na polisi.
Sasa fikiria. Mikwaruzo iliyo kwenye risasi inatoka kwenye mifereji ya ndani ya mtutu. Ukiuondoa mtutu, alama za risasi zilizoko kwenye kumbukumbu si za bunduki yako tena. Hata kama nia yako ni safi kama maziwa, umebadilisha kitambulisho cha silaha. Kwa hiyo kabla ya kuugusa, kampuni iandike barua polisi, na baada ya kazi bunduki ipigwe upya na kumbukumbu ibadilishwe. Usifanye kimyakimya kambini.

Kereza_Katwe
Wakili, mbona hiyo ni kama mtu kukatwa vidole halafu aende kusajili laini ya simu? 😂 Nimeelewa. Sikusema nafanya gizani.

Risasi_Moja
Na si kila nchi ya Wazungu ni Marekani. Uingereza mtutu wenyewe unahitaji kuwemo kwenye cheti chako, na bunduki iliyowekwa mtutu mpya haiuzwi mpaka ijaribiwe kwa presha kubwa London au Birmingham, ipigwe muhuri. Sheria yao ya kupima mitutu ni ya 1868.

Askari_Kidepo (Kaabong)
Habari za jioni. Nimesoma uzi wote, na swali langu ni moja: nani amethibitisha kwamba mtutu ndio mbovu? Binamu yuko Marekani, bunduki iko Kiruhura.
Miaka michache iliyopita tulikuwa na bunduki iliyoanza kutawanya namna hiyo hiyo. Kila mtu alisema mtutu. Kumbe ni mdomo wake. Kijana aliyekuwa anaisafisha alikuwa anaingiza ufito wa chuma kutokea mbele, unasugua ukingo upande mmoja kila siku. Ukingo ukilika upande mmoja, gesi inatoka upande huo kabla ya risasi kuachia sawasawa, nayo inasukumwa kando. Chukua pamba, ipitishe taratibu kwenye ukingo wa mdomo kutoka ndani kwenda nje. Ikinasa nyuzi mahali, hapo pana jeraha. Hilo fundi analirekebisha bila kuung'oa mtutu.

Mfuatanyayo
Dada Askari, asante. Nimefanya sasa hivi kwa tochi, bolti nimeshaitoa. Pamba haikunasa popote. Ila na sisi tunasafisha kutokea mbele, hilo nakiri. Kuanzia leo tunaacha.

Afande_Mstaafu
Dada ameuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Mfuatanyayo, bunduki hiyo imepiga risasi ngapi?

Mfuatanyayo
Afande, daftari la kambi linaanzia mwaka 2004. Nimejumlisha: 1,870. Kabla ya hapo ilikuwa ya mwenye kampuni, na yeye aliinunua ikiwa imetumika.

Musoga_Texas
Watu wa huku husema mtutu wa .30-06 unakupa kati ya risasi 3,000 na 5,000 kabla koo halijalika. Koo ni pale mbele ya chemba mifereji inapoanza. Moto wa baruti unapachoma kidogo kidogo, chuma kinapasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Kwa 1,870 mtutu huo ni kijana.

Kereza_Katwe
1,870 ni za tangu 2004. Za kabla yake umezihesabu wapi? Mauser ya zamani inaweza kuwa imepita kwa watu watatu, wanne. Mimi bado niko na koo.

Mzee_wa_Moroto
Wajukuu, mmezungumza Mauser na Kaskazini mkaniamsha. Mnajua kwamba yule mwindaji aliyeitwa Karamoja Bell alizunguka huku kwetu na Mauser ndogo akiua ndovu? Watu wanasema alifikisha elfu mbili, na .30-06 kama hiyo yako.

Risasi_Moja
Shikamoo mzee. Idadi inayoandikwa ni elfu moja na kidogo, si elfu mbili. Na bunduki aliyojulikana nayo zaidi ni .275 Rigby, ambayo ni jina la Waingereza la 7x57 Mauser. Rigby wa London alikuwa anatumia risiva za Mauser kutoka Ujerumani. Bell alijifunza fuvu la ndovu mpaka akajua ubongo uko wapi kwa kila pembe, ndiyo maana risasi ndogo ilimtosha.

Mzee_wa_Moroto
Marahaba. Elfu moja au mbili, ndovu wenyewe hatukuachiwa. Babu yangu alikuwa akituhadithia wale waliobeba meno. Majina yao hayakuandikwa popote.

Askari_Kidepo
Mzee, hilo ni kweli na linauma. Naomba siku moja ulifungulie uzi wake, mimi nitakuwa wa kwanza kuusoma.

Afande_Mstaafu
Turudi kwenye bunduki. Mimi nahisi kutu, na shaba ya risasi iliyoganda ndani ya mtutu. Risasi za zamani za kijeshi zina fataki yenye chumvi. Ikishapigwa, chumvi inabaki ndani ya mtutu, inavuta unyevu wa hewa, na asubuhi una kutu. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Mzee aliyenifundisha kazi kwenye .303, bunduki ya jeshi la Waingereza, alikuwa na birika lake maalumu: maji yanayochemka yanamiminwa kwa mrija kutokea chemba, mtutu unapata moto, unajikausha wenyewe, ndipo unapaka mafuta. Alikuwa haruhusu mtu alale kabla ya birika.
Na kwa .303 ile namba 4, hedispesi ikizidi tulikuwa hatugusi mtutu. Kichwa cha bolti kinafunguka, vipo vya namba 0 mpaka 3, unaweka kirefu zaidi. Waingereza waliwafikiria askari walio mbali na karakana. Ila .303 inasimama kwa ukingo wa ganda, si kwa bega, msije mkachanganya.

Mfuatanyayo
Afande, kuna kipindi mwaka jana tulipiga risasi za maboksi ya zamani aliyoyaacha mgeni. Hakuna aliyewaza birika.

Afande_Mstaafu
Hapo sasa.

Risasi_Moja
Inawezekana ni hilo, lakini mbona imeanza Machi? Mvua zinaanza Machi. Kitako ni cha mbao. Mbao ikinyonya maji inavimba na kuusukuma mtutu kwa pembeni, leo hivi, kesho vile. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele kurudi nyuma. Isimame tu karibu na risiva. Ikikwama njiani, mbao inagusa.
Mimi baada ya kuteseka na mbao niliomba bosi aninunulie Blaser R8. Mitutu mitatu ndani ya sanduku moja, unafungua nati mbili kwa ufunguo wake, unatoa huu unaweka ule, hata mezani jikoni kweli. Bolti yake inajifungia ndani ya mtutu wenyewe, kwa hiyo hedispesi inakuja nao. Binamu wa Marekani angeipenda.

Kereza_Katwe
Na bei yake?

Risasi_Moja
Usiniulize bei mbele za watu. Ng'ombe wa Kiruhura, tena wale wenye pembe ndefu, na si wawili.

Mfuatanyayo
Wakuu! Noti imekwama. Sentimita kama kumi kutoka mbele, upande wa kushoto. Nimeitoa bunduki kwenye kitako: pale mbao ilipogusa pana mng'ao kama sehemu iliyosuguliwa na kiganja. Na skrubu ya mbele iliyoshika risiva niliizungusha karibu nusu duara kabla haijakaza.

Musoga_Texas
Skrubu iliyolegea peke yake inatosha kutawanya matundu. Hujahitaji uchawi mwingine.

Askari_Kidepo
Na darubini? Skrubu za vishikio vyake umezikagua? Huku barabara zinatikisa mpaka meno. Kila tukirudi doria tunazishika moja moja.

Mfuatanyayo
Za darubini zimekaza zote, nimetia alama ya rangi ya kucha ya mke wangu ili nijue zikisogea. Nimepiga msasa mbao pale ilipogusa mpaka noti ikapita. Kesho asubuhi najaribu.

Kereza_Katwe
Wakati tunasubiri, Musoga umewahi kusema kwamba hesi zote za mitutu zina pembe ya digrii 60?

Musoga_Texas
Sikuandika hapa, lakini ndiyo, ninazozijua ni 60.

Kereza_Katwe
Mauser ni 55, hesi 12 kwa kila inchi. Nimemuuliza rafiki yangu mwenye kitabu cha vipimo. Na 55 ndiyo pembe ya hesi za mabomba ya maji ninazokata kila siku Katwe, kisu chake kiko mezani kwangu sasa hivi. Afande alinipa somo la hedispesi nikalipokea kwa mikono miwili. Lakini msiseme fundi wa Katwe hajui anachokata.

Afande_Mstaafu
Hapo umenena, kijana. 55 ni sahihi. Nami sikudharau mkono wako. Ninachokuomba ni geji. Ukiwa na geji na rima ya kweli, na karatasi za Wakili zimekamilika, mimi mwenyewe nitakuja kusimama pembeni ya mashine yako. Bila geji, hata malaika asiguse. Na kuung'oa mtutu uliokaa miaka themanini kunahitaji jiliwa la mtutu na kishikio cha risiva. Ukiweka bomba kwenye spana na kuvuta kwa nguvu, unaikunja risiva, na risiva iliyopinda hairudi.

Wakili_Nakasero
Namshukuru Afande kwa hilo la karatasi.

Mfuatanyayo
Majibu. Mita 100, mfuko wa mchanga chini, risasi za boksi moja, mpya. Tatu za kwanza: kizibo cha soda kimezifunika mbili, ya tatu iko nje kidogo, upana wa kidole. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikaongeza mbili bila kusubiri mtutu upoe. Ya nne ikapanda juu kulia, ya tano juu zaidi.

Musoga_Texas
Inapanda ikipata moto. Hiyo ni mbao bado inagusa mahali pengine, au mtutu wenyewe una msongo ndani ya chuma tangu kiwandani. Mtutu wa namna hiyo ukipata moto unapinda upande ule ule kila mara.

Risasi_Moja
Ukiwa na msongo tangu kiwandani mbona miaka yote ulipiga vizuri? Mbao. Angalia nyuma ya kikanyagio cha risiva, pale inapopokea mshtuko. Mbao ikipondeka hapo, risiva inatembea.

Kereza_Katwe
Na mimi je? Koo lililolika linapiga tatu nzuri kisha linaharibika uchafu ukijaa. Hamjanitoa bado.

Afande_Mstaafu
Mfuatanyayo, ulipopiga msasa, ile mbao mbichi uliipaka mafuta?

Mfuatanyayo
Hapana Afande. Sikujua.

Afande_Mstaafu
Umeufungulia unyevu mlango. Mafuta ya kitani, matabaka membamba, kila moja likauke. Na safisha shaba kwa dawa yenye amonia, kutokea chemba. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu, endelea mpaka kitoke cheupe. Jumamosi nina safari ya Mbarara, nitapitia kwenu na taa yangu ndogo ya kuangalia ndani ya mtutu, na geji za .30-06 ninazo. Tutaliona hilo koo kwa macho. Mpaka hapo mgeni asipewe hiyo bunduki.

Mfuatanyayo
Mgeni wa wiki hii atatumia .375 ya akiba. Hii nimeifungia.
Nimerudi kuandika kwa sababu ya jambo moja. Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi nimeijaribu noti tena, pale pale nilipopiga msasa. Haipiti.

Risasi_Moja
Nilisema mimi.

Kereza_Katwe
Subiri Jumamosi.